Kaseti ya mwaka 1996: historia ya kuhamisha picha, kutoka leza diski mpaka Bombambili

Nimerudi chuo juzi usiku. Safari ya kutoka Songea si mchezo, miguu imevimba, na shuka nililoliacha kitandani lina vumbi la wiki sita. Lakini kabla sijaanza kulalamikia ratiba mpya, nina deni. Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya likizo: chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu, andika historia yake. Wenzangu wamechagua jembe, kinu, cherehani. Mimi nilichagua kaseti ya video. Kazi yenyewe nimeshaikusanya, ile yenye kurasa na pambizo. Hii ya hapa ni ile niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Kaseti yenyewe ni VHS ya dakika 180, ganda jeusi, karatasi ya pembeni imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "HARUSI 1996". Ni harusi ya mama mdogo, ilifanyika pale pale kwetu Bombambili. Ndani yake yumo bibi, mama yake mama. Bibi alifariki mwaka 1999, mimi sijazaliwa. Picha za mnato tunazo mbili, moja ya kitambulisho na nyingine amesimama mlangoni amekunja uso kwa sababu ya jua. Bibi anayetembea yupo kwenye kaseti hii tu.

Nimefika nyumbani nakuta mama mdogo anahama, vitu vimewekwa uani. Kaseti iko kwenye boksi la vitu vya kuchoma moto. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, lakini hii mbona iko huku?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Hiyo si ilishahamishiwa kwenye sidii zamani? Ya nini tena?"

Hilo "ilishahamishiwa" ndilo lililonifanya nianze kusoma. Maana kulikuwa na kaseti nyingine, ya kipaimara cha mama mdogo mwingine. Ilihamishwa kwenye VCD mwaka 2004, kisha kaseti ikatupwa. Ile sidii leo haisomi kabisa. Imeisha hiyo. Nikajiuliza: kuhamisha maana yake nini hasa? Nini kinavuka na nini kinabaki ng'ambo?

Watu waliolichambua swali hili kuliko wote duniani ni wapenzi wa kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika: leza diski. Kwa hiyo lazima tuanzie kwao, halafu turudi Songea.

SANTURI YA PICHA

Leza diski ilianza kuuzwa Marekani, katika mji wa Atlanta, Desemba 1978. Kampuni ya MCA ilitoa diski kwa jina la DiscoVision, na mashine ya kuchezea ikatoka kwa Magnavox. Filamu ya kwanza kuuzwa ilikuwa Jaws. Diski yenyewe ni kubwa kama santuri ya muziki ya wazee wetu, sentimita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, inang'aa kama kioo pande zote mbili. Ukiiona utadhani ni DVD iliyokula chumvi nyingi.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Leza diski inasomwa kwa mwanga wa leza kama sidii, lakini picha yake si ya kidijitali. Hakuna sifuri na moja. Kuna vishimo vidogo sana, na urefu wa vishimo hivyo na nafasi kati yao ndiyo hubeba wimbi la picha, kama wimbi la redio linavyobeba sauti. Picha nzima, mwanga pamoja na rangi, imesokotwa ndani ya wimbi moja.

Diski za aina bora, katika mfumo wa PAL tunaoutumia sisi, zilizunguka mara 1,500 kwa dakika, na kila mzunguko ulikuwa fremu moja. Upande mmoja ulibeba fremu 54,000, yaani dakika 36 tu. Katikati ya filamu unainuka unageuza diski. Lakini picha ilikuwa safi! Kwa upana, VHS inaweza kuonyesha mistari ya wima kama 240 hivi. Leza diski ilipita 400. Ndiyo maana wapenda sinema wa Marekani na Japani waliing'ang'ania kwa zaidi ya miaka 20. Pioneer, kampuni iliyoibeba kwa muda mrefu zaidi, ilitangaza kuacha kutengeneza mashine zake mwaka 2009.

Kwa nini haikushika kwetu? Sababu ya msingi ni rahisi: leza diski ya kawaida ya nyumbani hairekodi. Unanunua diski iliyotoka kiwandani, basi. Sisi tulihitaji kitu cha kurekodi harusi, kipaimara na mahafali, na cha kunakili filamu moja iliyofika Dar ili ifike Iringa, Njombe na Songea. VHS, iliyoletwa sokoni na JVC mwaka 1976, ilikuwa na picha mbaya zaidi, lakini ilirekodi na kufutika na kurekodi tena. Kwa nchi isiyo na maduka ya filamu, hiyo ndiyo sifa.

FUNDISHO LA DOMESDAY

Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Uingereza, vijiji viliandikwa: nani ana ardhi, nani ana ng'ombe. Kitabu hicho kinaitwa Domesday na mpaka leo kinasomeka. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900, BBC wakatengeneza Domesday mpya. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule, wakapiga picha mitaa yao na kuandika habari za siku zao. Vyote vikawekwa kwenye leza diski za aina maalumu zilizochanganya picha na data za kompyuta, zikachezwa kwa mashine ya Philips iliyounganishwa na kompyuta ya Acorn. Bei ilikuwa kubwa, shule nyingi zilishindwa kununua.

Miaka 15 tu baadaye mashine zikawa adimu. Kitabu cha ngozi cha miaka 900 kinasomeka, diski ya juzi haisomeki! Hadithi hii husimuliwa sana, na huishia hapo. Lakini haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye faida kwetu.

Kwanza, watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, katika mradi wa CAMiLEON, walitengeneza programu ya kuigiza ile kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Pili, kanda kuu za video zilizotumika kutengenezea diski zilikuwa bado zipo, hivyo picha nyingi zikachukuliwa upya kutoka kwenye chanzo badala ya nakala. Mwaka 2011 BBC waliweka sehemu ya jamii ya mradi huo kwenye intaneti. Ilifungwa mwaka 2018. Unaona? Hata kuhamia intaneti si kufika.

Tatu, na hili ndilo lililonisisimua, wakatokea watu wa kujitolea wasioridhika. Mwaka 2013 Chad Page alianza programu iitwayo ld-decode. Baadaye Simon Inns, kwa ajili ya kuokoa hizo diski za Domesday, akabuni kifaa kinachoitwa Domesday Duplicator. Wazo lao lilikuwa la ajabu kwa urahisi wake. Badala ya kuiacha mashine ya zamani isome wimbi, ilitafsiri kuwa picha, ichuje rangi, kisha itoe kwenye waya nyuma, wao waligusa waya ndani kabisa, pale leza inapotoa wimbi ghafi. Wakalipima wimbi hilo mara milioni 40 kwa sekunde na kulihifadhi lote. Hesabu yake ni kama gigabaiti 180 kwa saa kabla ya kubanwa. Kazi ya kuligeuza liwe picha ikaachiwa programu, polepole, na inaweza kurudiwa kila programu inapoboreshwa.

Fundisho ni hili: chukua picha karibu na chanzo kadiri uwezavyo, na kila hatua unayoweza kuahirisha, iahirishe. Leo wimbi, kesho rangi, kesho kutwa kusafisha. Ukifanya vyote kwa mpigo na kutupa chanzo, kosa lako linakuwa la milele.

VIDEO ILIVYOFIKA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya binafsi vikaanza. Lakini TV zenyewe zilitangulia. Baada ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, TV na deki ziliingia kwenye mizigo ya wafanyabiashara na jamaa waliotoka nje. Maana yake, kwa watu wengi wa bara, TV haikuanza kama kitu cha kupokea matangazo. Ilianza kama kioo cha kuonyeshea kaseti. Kideo!

Vibanda vikaota kila mtaa. Benchi, pazia jeusi, kiingilio cha senti chache, na jasho. Halafu wakaja watafsiri. Kapteni Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, alikuwa akiingiza sauti yake juu ya filamu za nje, anaeleza, anatania, anafundisha maadili, hata Titanic aliitia Kiswahili. Nakala zile zilisambaa kwa kaseti. Fikiria: Titanic ya Hollywood haitapotea kamwe, ipo kila mahali. Titanic ya Lufufu iko kwenye hizo kaseti na nakala zake. Ukitupa kaseti ya namna hiyo kwa sababu "hiyo filamu ninayo kwenye flashi", umetupa kitu kingine kabisa.

Songea tulikuwa na tatizo letu la ziada: umeme. Mji ulitegemea jenereta za dizeli mpaka laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Mama mdogo anakumbuka siku ya harusi umeme ulikatika mara mbili na mpiga video akaendelea kwa betri. Kwenye kaseti unaona taa zinazimika, watu wanapiga kelele, kisha karabai inaletwa. Hata kukatika kwa umeme ni historia, jamani.

VCD ILITUFANYIA NINI

Mwaka 2004 duka moja la picha lilihamisha kaseti zetu kwenye VCD. Siwalaumu kwa nia. Wakati ule VCD ndiyo ilikuwa habari ya mjini, kila nyumba ilikuwa na deki ya sidii, na kaseti zilikuwa zinakwama. Lakini tuangalie hesabu.

Picha ya PAL inayoonekana ina mistari 576 ya mlalo. Haitolewi yote kwa pamoja. Kila sekunde zinatolewa nusu-picha 50, moja yenye mistari ya shufwa, inayofuata yenye mistari ya witiri, zinapishana kama vidole vya mikono miwili. Kila nusu ni wakati wake tofauti. Kwa hiyo kaseti yetu inanasa mwendo mara 50 kwa sekunde.

VCD ina mistari 288 tu, na fremu 25 kwa sekunde. Njia ya haraka ya kuijaza ni kuchukua nusu-picha moja na kutupa ya pili. Kwa hiyo pale dukani, bila mtu kusema uongo, nusu ya mistari ilitupwa na nusu ya mwendo ikatupwa nayo. Kilichobaki kikabanwa mpaka kiingie kwenye sidii, karibu megabiti 1.15 tu kwa sekunde, ndiyo maana uso wa bibi ukawa viboksi kila anapogeuka.

Unaweza kusema VHS yenyewe ni mbovu, kuna nini cha kupoteza? Kipo. VHS ina udhaifu kwa upana, lakini kwa urefu na kwa mwendo imebeba PAL kamili. Kuna dakika nne za lizombe kwenye ile harusi. Kwenye VCD miguu ya wachezaji ni ukungu mweupe, huwezi kujua mguu upi umetangulia. Mimi nilikua nikidhani kamera ya mwaka 1996 haikuweza. Kumbe kamera iliweza. Tulioshindwa ni sisi wa mwaka 2004.

JINSI TULIVYOIHAMISHA

Nilitumia siku tisa. Fundi mmoja wa Mfaranyaki, mtu mzima aliyewahi kupiga video za harusi, alikuwa bado na deki nzuri ya kazi, ya kuhariria, imefunikwa kitambaa. Aliniuliza kwanza, "Kaseti ina ukungu?" Songea kuna baridi na unyevu, na kaseti iliyofugwa kabatini huota utando mweupe pembeni mwa mkanda. Ukiiingiza hivyo, unachafua vichwa vya deki na kuambukiza kaseti zote zitakazofuata. Tukachungulia kwa tochi kwenye dirisha la ganda. Salama. Akasafisha vichwa kwanza, kisha akaupeleka mkanda mbele mpaka mwisho na kuurudisha nyuma taratibu ili ulegee na kukaa sawa, maana ulikuwa haujaguswa kwa miaka mingi.

Swali la pili ni waya. Hapa wenzetu wa leza diski wananoa bongo. Kwenye diski zao mwanga na rangi vimesokotwa pamoja tangu kiwandani, kwa hiyo lazima kuna mahali vitasokotolewa, na swali ni nani anasokotoa vizuri zaidi: mashine ya zamani au kifaa kipya. Mara nyingi wao huamua kutumia waya wa njano wa kawaida, kisha kuachia kazi kifaa au programu bora. VHS ni kinyume. Kwenye mkanda, rangi imeshushwa chini na kuwekwa kando na mwanga. Ukitumia waya wa njano, deki inavisokota pamoja, halafu kompyuta inavisokotoa tena, na kila safari kuna kinachomwagika. Kwa hiyo kama deki ina tundu la S-Video, lile la duara lenye pini nne, tumia hilo. Waya ule ule ambao kwa diski unaweza usisaidie, kwa kaseti unasaidia. Usikariri ushauri, jua sababu yake.

Tatu, mtikisiko. Mkanda hunyooka na kusinyaa, kwa hiyo mistari haianzi yote mahali pamoja. TV za zamani zilivumilia, kompyuta haivumilii: kingo za mlango zinapinda kama nyoka na fremu zinaruka. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupanga upya muda wa kila mstari. Vifaa vya studio ni ghali, lakini baadhi ya mashine za kurekodia DVD, Panasonic ES10 na ES15 kwa mfano, hufanya kazi hiyo ukipitisha picha ndani yake tu bila kurekodi chochote. Fundi alikuwa nayo moja, trei yake mbovu haifunguki. Haidhuru. Tulihitaji tu ipitishe.

Nne, umeme. UPS katikati, hata kama siku hizi gridi iko. Kaseti ya zamani hupewa nafasi chache za kuchezwa, usiipoteze moja kwa TANESCO kupepesa.

Tano, faili. Tulirekodi bila kupoteza kitu, kwa FFV1, mistari yote 576, nusu-picha zote zikiwa zimepishana kama zilivyo kwenye mkanda. Ilitoka kama gigabaiti 30 kwa saa. Kubwa, ndiyo. Nilikopa diski ya nje kwa rafiki. Kutoka kwenye faili hilo ndipo nikatengeneza nakala ndogo ya simu, nikazigeuza nusu-picha 50 kuwa fremu 50 kamili kwa programu, kwa sababu simu haijui mambo ya shufwa na witiri. Faili kubwa sikuligusa. Programu ya mwaka kesho itafanya vizuri kuliko yangu, na itahitaji mahali pa kuanzia. Tayari kuna waliochukua kazi ya ld-decode wakaigeuza isome VHS moja kwa moja kutoka kwenye vichwa vya deki. Siku kifaa hicho kikifika Songea, kaseti lazima iwepo ikisubiri.

SAUTI

Nilidhani nimemaliza somo. Nilikuwa sijafika.

Tulipoanza kucheza, picha ilikuja vizuri kuliko nilivyowahi kuiona, lakini muziki haupo. Kwenye VCD, na hata zamani kwenye kaseti, sehemu yote ya chakula ina muziki wa dansi juu yake, mwanzo mpaka mwisho. Hapa nasikia vijiko. Vikombe. Mtoto analia. Nikamwambia fundi, "Mzee, sauti imeharibika." Akacheka. Akabonyeza kitufe kimoja, muziki ukarudi. Akabonyeza tena, vijiko vikarudi.

Kaseti ya VHS inaweza kuwa na njia mbili za sauti. Moja ni ya zamani, mstari mwembamba ukingoni mwa mkanda. Ya pili, ya hai-fai, iliongezwa miaka ya 1980, na inaandikwa na vichwa vinavyozunguka, chini ya picha yenyewe. Mpiga video wa mwaka 1996 alirekodi kwa kamera yenye zote mbili. Baadaye akaona makelele ya chakula hayapendezi, akaingiza muziki. Lakini muziki ulioingizwa baadaye hukaa kwenye mstari wa ukingoni tu. Njia ya chini ya picha haiguswi, maana ukiigusa unafuta na picha. Deki yetu ya nyumbani ilikuwa ya kawaida, inasoma ukingo tu. Na ya dukani mwaka 2004, kwa ushahidi wa VCD, ilitoa ukingo tu pia.

Watu wa leza diski wanalijua jambo hili. Mwaka 1984 Criterion walitoa King Kong kwenye leza diski, na kwenye njia moja ya sauti wakaweka maelezo ya mwanahistoria wa filamu, Ronald Haver, akizungumza juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Anayehamisha diski kama hiyo kwa njia moja tu ya sauti anaondoka na filamu na kumwacha msimulizi. Kanuni yao ni kuchukua kila njia, hata usiyoijua ina nini.

Tukachukua zote mbili, faili moja, sauti mbili.

Dakika ya 71 bibi anapita mbele ya kamera amebeba sinia. Kwenye VCD anapita kimya, midomo inatembea chini ya magitaa. Kwenye njia ya hai-fai anasema, kwa sauti nene kuliko nilivyofikiria, "Huyu mtoto amekula?" Mtu anajibu hapana. Anasema, "Basi mpeni, mnangoja nini?" Kisha anaongeza maneno mawili ya Kingoni, watu wanacheka, anatoka kwenye picha.

Ni hayo tu. Sekunde sita. Mtoto ni kaka yangu mkubwa, ana miaka mitatu, amesimama na kidole mdomoni.

Nilirudi Bombambili jioni, milima ya Matogoro imeanza kuingia giza, nikawakusanya sebuleni na kompyuta ya fundi. Mama alisikia ile sentensi mara moja, akanyamaza. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mama mdogo akasema maneno yale ya Kingoni hata kabla bibi hajayasema, maana sasa alikuwa ameyakumbuka. Kaka alipigiwa simu Mbinga, tukaiweka simu karibu na spika. Miaka zaidi ya ishirini tulikuwa tunaitazama harusi ile, na bibi alikuwa anaongea muda wote.

MWISHO WA KAZI

Mwaka 2016 Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kanda nyingi duniani zingekosa mashine za kuzisoma kufikia mwaka 2025 hivi. Mwaka huo umeshafika. Deki zilizopo ndizo zilizopo, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Yule wa Mfaranyaki ana miaka 68 na hajapata wa kumrithi.

Mwalimu wetu alitaka hitimisho, nikaandika kwamba nakala si hifadhi ya chanzo, ni maoni ya mtu mmoja kuhusu chanzo, kwa vifaa alivyokuwa navyo siku hiyo. Akanipa alama nzuri na kuandika pembeni, "Fafanua." Nafafanua hapa: duka la mwaka 2004 lilitoa maoni kwamba bibi ni viboksi na kwamba hakusema kitu. Kama kaseti ingechomwa moto, hayo ndiyo yangebaki kuwa ukweli wetu.

Kwa hiyo wadau, likizo ijayo mkienda nyumbani, fungueni makabati. Angalieni ukungu kabla ya kuingiza. Kama duka halijui hai-fai ni nini, ondokeni na kaseti yenu. Wekeni faili sehemu tatu, moja nje ya nyumba. Na mkishahamisha, msitupe.

Ya kwetu sasa iko kabatini kwa mama, imesimama wima, ndani ya mfuko wa nailoni wenye kifungo. Mama mdogo amechukua kalamu akaongeza chini ya ile "HARUSI 1996": USICHOME.

Kesho kipindi cha saa moja asubuhi. Nalala.